Wafokaji wa Bwana

Neno "kufoka" halina sifa njema katika Kiswahili. Maziwa yaliyosahauliwa mekoni hufoka na kuzima moto. Mtu aliyepandwa na hasira hufoka, na wenye busara humwacha mpaka apoe. Basi magazeti yetu yalipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuuita muziki wa rap "muziki wa kufokafoka", yalikuwa yamekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe anafoka hakuhitaji kuuliza anafoka nini. Na vijana walipobisha hodi makanisani wakiomba nafasi ya kufoka kwa ajili ya Bwana, lugha yenyewe iliwasaliti, maana kumfokea mtu ni kumkemea, na nani amkemee Mungu? Siku hizi wenyewe husema "kuchana mistari". Mimi nitabaki na neno la zamani, kwa kuwa ndilo lililotugombanisha.

Ugomvi huo nimeukalia vikao. Naishi Pasua, chini ya mji wa Moshi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mjumbe wa kamati ya muziki katika usharika ambao sitautaja jina. Msomaji asiyeijua Pasua aelewe kwamba hii siyo Kilimanjaro ya kwenye kalenda. Mlima tunauona, asubuhi mawingu yakiwa hayajashuka, lakini hatuishi migombani. Huku ni nyumba zilizobanana, soko, mafundi wa kuchomelea vyuma, mama lishe, gereji za uani na vijana wa bodaboda wanaongoja abiria kivulini. Mwislamu na Mkristo hupakana ukuta, na Mchagga, Mpare, Mrangi na Msambaa huazimana chumvi.

Wengi wetu wazazi wetu walishuka kutoka juu. Huko kihamba kiligawiwa kwa wana, wana nao wakagawa kwa wana wao, mpaka kwa wengine kikabaki kipande cha kuzikana tu. Kahawa, iliyojenga shule na makanisa ya mlimani, ilianguka bei baada ya mgawo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa kuvunjika mwezi Julai 1989. Viwanda vya mjini navyo, katika miaka ya 1990, vingine vilifungwa na vingine vikauzwa. Kijana aliyekulia Pasua miaka hiyo alizisikia habari za zamu za kiwandani katika masimulizi ya baba yake, kama tulivyosikia sisi habari za vita vya Wajerumani. Hapo ndipo muziki wa kufoka ulipomkuta, mikono ikiwa mitupu na mdomo ukiwa na mengi ya kusema.

Lakini ni vizuri kwanza tujikumbushe kwamba kanisa katika nchi hii halijawahi kupokea ala yoyote bila ugomvi. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, mwaka mmoja baada ya Waingereza wa CMS kuondoka Moshi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kuanza kazi Kilema. Walikuja na vitabu vya nyimbo, na Wajerumani wakaleta pia matarumbeta. Ngoma ya Mchagga iliachwa nje ya mlango pamoja na matambiko. Si kwamba wote walikuwa vipofu. Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kufanya kazi kwa miaka mingi Old Moshi, alikusanya mafundisho ambayo wazee waliwapa vijana wa jando, yakachapishwa Ujerumani katika majuzuu 3 kati ya 1932 na 1938. Mafundisho hayo hayakuwa hotuba kavu. Mengi yalikwenda kwa nyimbo na kwa maneno yaliyopangwa ili yashike kichwani. Yaani babu zetu walifundisha maadili kwa mdundo, na mgeni mmoja aliyeona thamani yake akayaandika, wakati wenyewe tukifundishwa kuyaonea aibu.

Tazama sasa yaliyoyapata matarumbeta. Chombo kilicholetwa kuimbia nyimbo za Luther leo hupigwa juu ya pikapu, bibi harusi akisindikizwa kutoka kanisani hadi ukumbini, mji mzima ukijua kwamba ni Jumamosi. Hakuna mzee anayesimama kusema kwamba hicho ni kitu cha kigeni. Kimekuwa chetu kiasi kwamba harusi ya Moshi isiyo na matarumbeta huzua maswali juu ya mfuko wa bwana harusi.

Ngoma nayo ilirudi, kwa mlango wa mbele. Wakatoliki walifunguliwa njia na hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya liturujia, Desemba 1963. Kwa Walutheri, katika chuo cha Makumira karibu na Arusha, Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wa uchungaji watunge nyimbo kwa mahadhi ya makwao. Mmoja wa wanafunzi hao, Bernard Kyamanywa, akatunga wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" kwa mahadhi ya Kihaya. Wimbo huo ulitafsiriwa Kijerumani mwaka 1969, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116. Waliotuletea vitabu vya nyimbo sasa wanaimba wetu. Ningependa kuwaona wale wazee wa 1893 wakiufungua ukurasa huo.

Gita lilipata taabu zaidi, kwa sababu lilinuka baa. Mtu aliyelipiga Jumamosi usiku katika dansi asingeweza kulileta Jumapili asubuhi pasipo watu kutazamana. Hata hivyo lilikuja, likibebwa na mikutano ya Injili, na wanafunzi wa UKWATA mashuleni waliojifunza mapambio kwa kusikilizana, na baadaye na wanamuziki wenyewe waliookoka. Cosmas Chidumule, sauti ya Mlimani Park iliyopendwa na taifa, alipohamia muziki wa Injili alionyesha kwamba koo haliokoki kwa kubadili namna ya kuimba. Lilibaki koo lile lile, na watu walilia kwa sauti ile ile. Faustin Munishi, Mtanzania aliyefanyia kazi yake kubwa Kenya, alikuwa na mtindo wa kuhubiri katikati ya wimbo, kusimulia na kukemea, muziki ukiendelea nyuma. Ukimsikiliza leo utaona kwamba yale maneno yasiyoimbwa, yanayopandishwa juu ya mdundo, hayakuanza na vijana waliovaa kofia kinyumenyume.

Na mji wa Moshi una sehemu yake ya pekee katika habari hii. Redio Sauti ya Injili ilipoanza kutangaza kutoka Addis Ababa mwaka 1963, vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya hapa Moshi. Kwaya za mlimani zilirekodiwa, kanda zikapelekwa Ethiopia, na sauti za watu wa Machame na Marangu zikarudi nyumbani kwa mawimbi mafupi. Serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliichukua redio hiyo mwaka 1977, lakini studio ya Moshi iliendelea, na baadaye mji ukapata kituo chake chenye jina hilo hilo. Kwa hiyo, sisi tulizoea mapema kwamba Injili inaweza kutoka katika kasha lenye waya. Lililotushtua kwenye rap halikuwa umeme.

Rap ya Kiswahili haikuzaliwa kanisani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabri alichukua wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice akauvisha Kiswahili. Kundi la Kwanza Unit likaundwa Dar es Salaam 1993. Mwaka huo huo sheria ya utangazaji iliruhusu redio za watu binafsi Bara, na Radio One ilipofunguliwa 1994 kijana wa Pasua aliweza kusikia vijana wenzake wakisema juu ya maisha, si juu ya mapenzi tu. Joseph Mbilinyi, aliyejiita Mr. II, alifoka juu ya hali ngumu. Huko Arusha, mwendo wa basi usiozidi saa mbili kutoka kwetu, X Plastaz walichanganya rap na uimbaji wa Kimaasai. Mwaka 2001 Profesa Jay alitoa "Machozi, Jasho na Damu", na watu wazima waliokuwa wakizima redio wakaanza kuipandisha sauti, kwa kuwa aliyekuwa akisemwa ndani yake walimfahamu. Wote wawili, Mbilinyi na Profesa Jay, baadaye walichaguliwa kuwa wabunge, mmoja 2010 na mwingine 2015. Sitaji hili kwa kupiga siasa, bali kuonyesha kwamba kufoka kulikuwa shule ya kusema mbele ya watu, wakati shule nyingine za namna hiyo zilikuwa zimefunga milango.

Kwa Wamarekani wenyewe mambo yalikwenda hivi. Hip-hop huhesabiwa kuanzia karamu moja ya mtaani Bronx, New York, Agosti 1973. Mwaka 1985 Stephen Wiley alitoa "Bible Break", ambayo hutajwa kuwa kazi ya kwanza ya rap ya Kikristo kuuzwa madukani. Kundi la dc Talk lilianzia katika chuo cha Kikristo cha Liberty, Virginia, 1987, na likaishia kupiga roki zaidi kuliko rap. Jina kubwa la baadaye ni Lecrae. Yeye na wenzake walijiita 116, kutokana na Warumi sura ya 1 mstari wa 16, pale Paulo anapokataa kuionea haya Injili. (Namba ile ile ya wimbo wa Kyamanywa katika kitabu cha Wajerumani! Ni bahati tu, lakini imenifurahisha.) Mwaka 2014 albamu yake "Anomaly" ilishika nafasi ya kwanza katika orodha kuu ya Billboard. Mwaka huo huo alianza kusema waziwazi juu ya vijana weusi wanaouawa na polisi, na sehemu kubwa ya Wakristo weupe waliokuwa wakinunua nyimbo zake wakamgeuka. Walimpenda alipotaja dhambi za mtaa wake. Alipotaja dhambi za mtaa wao wakasema ameacha Injili. Mwaka 2017 alieleza hadharani kwamba ameachana na kambi hiyo.

Jambo hilo la Lecrae naliona kuwa kiini cha yote, na nitalirudia nikifika kwenye kamati yetu.

Afrika Mashariki, aliyetufungua masikio ni Juliani wa Dandora, Nairobi. Alitoka katika kundi la Ukoo Flani Mau Mau, ambalo halikuwa la kanisa hata kidogo, akaokoka, akatoa "Mtaa Mentality" mwaka 2008 na "Pulpit Kwa Street" mwaka 2011. Jina hilo la pili linatosha kueleza nia yake: mimbari iende barabarani. Kiswahili chake ni cha Nairobi, kimechanganywa, na mimi mwenyewe hulazimika kumwuliza kijana anifafanulie. Lakini utamu wake ni kwamba hahubiri kwa kukaririshwa. Anataja kodi ya nyumba, wanasiasa, uvivu wa raia, na Yesu anapoingia huingia kama mtu anayeujua mtaa. Kenya ilikuwa imejenga mazingira ya kumbeba mtu kama huyo: vipindi vya televisheni vya vijana Wakristo, na tuzo za Groove zilizoanza mwaka 2004. Kwetu Tanzania uwanja wa Injili ulitawaliwa na kwaya na waimbaji wa peke yao. Kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama na Rose Muhando ndio waliokuwa wakisikika kwenye mabasi. Wafokaji wa Injili waliibuka, lakini walikula makombo ya muda hewani, wakati wa kuchelewa kulala.

Sasa, kwa nini kijana wa Pasua avutwe na jambo hili, wakati kwaya ipo? Nimesikia maelezo mengi ya kiroho juu ya swali hilo, na machache ya kiuchumi. Kwaya ina sare, na sare ina mchango. Kwaya ina mazoezi mara tatu kwa juma, jioni, na ina faini kwa mchelewaji. Fundi wa kuchomelea hajui atamaliza kazi saa ngapi; mteja akija na geti saa kumi na moja, geti ndilo chakula. Mfokaji hahitaji sare wala wenzake arobaini. Zamani alihitaji kanda yenye mdundo usio na maneno, baadaye sidii, baadaye akarushiwa na rafiki kwa bluetooth. Leo simu yake ina kila kitu, na yupo jamaa mwenye kompyuta na maiki katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Muziki huu ulipendwa na maskini kwa sababu ile ile iliyoufanya uzaliwe na maskini.

Sababu ya pili ni vina. Watu husema rap ni ya kigeni, nami huwauliza kama wamesoma Mathias Mnyampala. Huyu alikuwa Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki, aliyefariki mwaka 1969. Katika miaka ya 1960 aliitia Injili katika utenzi, beti kwa beti, mishororo minne kila ubeti, mizani nane kila mshororo. Utenzi ulikuwa umekuzwa na Waislamu wa pwani kwa karne kadhaa, kwa kusimulia habari za Mtume na vita vitakatifu. Mnyampala hakuona haya kuuazima. Yeye ndiye pia mwasisi wa ngonjera, ambazo sisi tuliosoma enzi za Azimio tulizikariri mbele ya wageni wa shule, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, mikono ikipaa. Mpe mtoto wa ngonjera mdundo nyuma yake, umtoe mkono mfukoni, umwache akimbize maneno kidogo. Tofauti iliyobaki ni ndogo. Mfokaji hahesabu mizani kama mshairi wa pwani. Hupima kwa mapigo, kwa kawaida manne katika mstari, akabana au kunyoosha maneno yaenee humo. Lakini kina kikikosekana wasikilizaji humzomea sawasawa na ambavyo malenga angezomewa.

Sababu ya tatu ndiyo yenye moto. Kwaya husema "sisi". Mfokaji husema "mimi".

Kanisa letu linalijua hilo "mimi". Uamsho uliotoka Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki yote ulisimama juu ya ushuhuda: mtu anainuka katikati ya ndugu, anataja alivyoiba, alivyozini, alivyomchukia jirani, na jinsi alivyosamehewa. Uamsho nao uliudhi viongozi siku zake, kwa sababu mshuhudiaji alikuwa halipitishi neno lake mahali popote kabla ya kulisema. Wimbo wa kwaya, kinyume chake, hupita kwa mwalimu, mara nyingine kwa kamati, na ukifika madhabahuni umekwisha kunyolewa pembe. Ndiyo maana nasema ugomvi wetu na wafokaji haukuwa wa ngoma. Ngoma tulikuwa nayo. Ulikuwa wa nani ameyapitia maneno.

Katika usharika wetu alikuwapo kijana, fundi wa kuchomelea, aliyebarikiwa kwetu na kuimba kwaya ya watoto kwetu. Alituletea ombi la kufoka siku ya Sikukuu ya Mavuno. Kamati ikamtaka alete maneno yake kwa maandishi, naye akayaleta katika daftari la hesabu, mwandiko mzuri. Tuliyasoma kwa sauti, jambo ambalo ni la ajabu kidogo: wazee watano na mama mmoja wakisoma rap kwa sauti ya somo la Waraka. Yalikuwa maneno mazuri. Alisimulia kuuzwa kwa kipande cha mwisho cha kihamba cha babu yake, rafiki aliyemalizwa na gongo, na usiku aliousali mpaka kukakucha. Kisha tukafika hapa:

Jumapili naitikia, Jumatatu nasaka kibarua,
Bwana walijua jina langu, mzee wa zamu hajanijua.

Kimya kikaingia. Mmoja wetu, aliyekuwa na zamu nyingi kuliko wote, akaweka miwani mezani akauliza, "Huyu anamsema nani?" Mpaka hapo tulikuwa tumejadili sauti ya spika, mavazi na kama kuna haja ya kuruka-ruka. Baada ya mstari ule hakuna aliyetaja spika tena. Nilisema kwamba Zaburi zimejaa watu wanaolalamika mbele za Mungu kwa maneno makali kuliko hayo. Nikajibiwa kwamba Daudi alikuwa mfalme.

Uamuzi ulifikishwa kwa baraza la wazee, na baraza likaamua kama mabaraza yaamuavyo: kijana aruhusiwe, lakini si katika ibada, bali alasiri kwenye tamasha la vijana uwanjani, na mstari mmoja uondolewe. Nilitumwa mimi kumweleza. Nilimkuta kazini kwake, cheche zikiruka. Alizima mashine, akavua miwani, akaniamkia, "Shikamoo mzee." Nikamweleza. Akaniuliza tu, "Uondolewe, au ubadilishwe?" Nikasema uondolewe. Akasema sawa, mzee wangu.

Siku ya tamasha alifoka vizuri, bila kuruka-ruka. Alipofika kwenye mstari ule alinyamaza, mdundo ukaenda mapigo yake manne peke yake, na vijana waliokuwa wamesimama mbele, ambao bila shaka walikuwa wameyasikia maneno hayo mitaani kwa miezi, wakaujaza wenyewe kwa sauti moja. Alitii kwa uaminifu kamili. Mzee wa miwani alikuwa ameketi safu ya mbele, na sikuweza kuuona uso wake kutoka nilipokuwa. Ninachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata alimsimamisha kijana huyo mlangoni akamwuliza jina la baba yake na wanakaa upande gani wa soko.

Nisije nikaonekana kuwa mtetezi asiyeona kasoro. Rap nyingi ya Injili niliyoisikia ni dhaifu. Iko iliyo wimbo wa kidunia uliofutwa jina la mpenzi na kuwekwa la Yesu, na mshono unaonekana. Iko inayoigiza lafudhi ya Kimarekani kiasi kwamba "haleluya" haitambuliki. Na lile "mimi" la ushuhuda huteleza upesi likawa "mimi" la majigambo, maana majigambo ni mila ya rap kama yalivyokuwa mila ya wapiga vita wa zamani. Mshuhudiaji wa Uamsho alijishusha ili asimulie. Mfokaji hujipandisha, halafu hukumbuka mwishoni kumtaja aliyempandisha. Wako pia waliotumia kanisa kama kituo cha basi: wakajifunzia maiki kwetu, wakapata jina, wakapanda gari la kwenda kwingine. Siwalaumu sana, kwa sababu kituoni hapakuwa na hata benchi.

Lawama yangu kubwa iko upande wetu wa wazee. Tumezoea kumtumia mfokaji kama chambo. Mkutano wa Injili ukiandaliwa, huwekwa wa kwanza, saa tisa, jua likiwa kali, awavute vijana uwanjani. Umati ukishatosha hushushwa jukwaani, na mahubiri "yenyewe" huanza. Hakuna anayemwuliza amesema nini. Mvuvi hana habari na mnyoo isipokuwa kama unacheza-cheza. Ndugu zetu Waislamu wa Pasua, ambao wamekuwa na mabishano yao kama kaswida iende kwa dufu peke yake au iongezewe kinanda cha umeme, angalau hubishana juu ya kaswida yenyewe kama jambo la ibada. Sisi mara nyingi tulimruhusu kijana kwa sababu hatukumchukulia kuwa anasema lolote.

Yule fundi hafoki tena hadharani. Ana watoto, na mikono yake imekuwa na kazi. Lakini ndiye anayetengeneza midundo na kurekodi, jioni, katika chumba cha uani, na kwaya kuu ya usharika, ile yenye sare, ilirekodi nyimbo zake sita kwake kwa bei ya kuelewana. Mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba ngoma za kompyuta zimezidi. Wanakwaya walizipenda.

Kinachonishughulisha zaidi sasa ni wasichana. Katika miaka yote hii, walioleta maneno yao kwenye kamati walikuwa wavulana, kana kwamba wasichana wa Pasua hawana la kusema zaidi ya kuitikia kiitikio. Mwaka huu ameleta mmoja, wa darasa la kipaimara, kurasa nne, pande zote mbili. Ameandika juu ya mama yake na kazi ya mama lishe, juu ya kuni, moshi na wateja wasiolipa, na kuna mahali anawataja kwa vyeo, bila majina, wateja wengine wanaokula kwa mkopo Jumamosi na kupokea sadaka Jumapili. Vina vyake ni safi kuliko vya fundi. Kamati haijakaa. Daftari liko kwa katibu.